Aliyemuua Mtemi

Jumamosi, 28 Juni 2025

Nimetoka kwenye banda la muvi la Otmar sasa hivi na roho haijatulia. Mtemi amekufa. Ndivyo Otmar, mkalimani wetu, alivyotangaza kwenye maiki, na banda zima limeamini. Mimi sijaamini.

Niandike nilichokiona kabla watu hawajanichanganya. Sehemu ya Pili ya muvi hii tumeingoja miaka mitatu. Mtemi ana jina lake la Kizungu, lakini Otmar alimbatiza Mtemi tangu Sehemu ya Kwanza na hapa Ushirombo hakuna anayemjua kwa jina jingine. Mtawala wa nyota zote, joho jeusi, uso haujaonekana hata mara moja. Mwishoni mwanafunzi wake mwenyewe anamsukuma kwenye shimo lililo katikati ya meli. Joho linaelea. Pete inaelea. Giza. Na katika giza lile sauti ya muvi ikashuka ghafla. Otmar ndiye aliyeishusha, nimeuona mkono wake. Kisha akasema, "Mtemi ndiyo basi tena. Amekufa. Nendeni mkalale." Taa zikawashwa.

Hakuna maiti. Hakuna aliyelia. Adui mkubwa kuliko wote, na kifo chake ni maneno machache ya Otmar — Otmar ambaye akitafsiri mlango ukifungwa anatumia sentensi tatu!

Nje nikamkuta Bujiku, yule mchimbaji mwenye mabega kama mlango, anawahutubia wenzake. Anasema shimo lile analijua, ni kama duara la machimboni lililokatika ngazi, ukiingia hutoki. Nikamwambia: wewe mwenyewe mwaka juzi ulifukuliwa kwenye kifusi, kitu cha kwanza ukaomba soda. Wakacheka. Akasema yeye alikuwa na Mungu, Mtemi hana.

Hoja ya kitoto. Lakini watu waliipigia makofi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumapili, 29 Juni 2025

Baada ya misa mjadala ulihamia chini ya ukuta wa parokia. Tayari kuna makundi mawili na majina yake. Wazikaji wako na Bujiku. Wafukuaji wako na mimi, na mimi sikuomba uongozi. Abel, fundi simu, ndiye aliyewahi kujiandikisha. Ana sheria yake: kwenye muvi, asiyeonyeshwa maiti hajafa. Bujiku akamuuliza, na mjomba wako aliyeenda Kagongwa kununua mpunga asirudi, naye hajafa? Abel akasema huyo yuko hai, ana mke mwingine.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa sababu hakuna anayeuliza swali lenyewe. Kwa nini Otmar alishusha sauti?

Mimi nimeshawahi kugombana na magazeti matatu, halmashauri ya walei na mkaguzi wa elimu aliyesema vitabu vyangu vya mtumba vinaharibu watoto. Nimejifunza kitu kimoja. Mtu akikuharakisha uzike, muulize kaburi kachimba nani.

Lazima niwe mkweli humu, maana hakuna mwingine anayesoma. Otmar hana kioo kikubwa. Anacho Januari, mwenye banda jingine kule stendi, na viti vya plastiki, na feni. Otmar ana runinga kuukuu, mabenchi, na sauti yake. Watu wanaupita mlango wa Januari waende kumsikia Otmar akiwa mtoto, akiwa bibi kizee, akiwa meli inayoanguka. Siku wakiacha kuiamini sauti ile, banda linafungwa. Mke wake Coletha hana kazi nyingine, naye pia hana. Nalijua hilo. Nimeliweka mezani na kulitazama. Lakini uongo ni uongo, hata ukisemwa na mtu niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Abel ameleta muvi kwenye flashi, ile yenyewe, bila Otmar. Nimefunga nusu ya mlango wa kibanda changu, mashine ya fotokopi nikaizima ili isinisumbue, nikavaa hedifoni.

Anaongea! Mtemi anaongea!

Baada ya joho na pete kuelea, giza linakaa kidogo, halafu sauti yake inatoka chini ya shimo. Polepole, kama mtu anayesimulia watoto. Anaongea mpaka chai yangu ikapoa. Anaeleza mama yake alivyouzwa. Anaeleza namna alivyojifunza kuogopwa. Anamwambia yule mwanafunzi: mmenisukuma mimi, kiti changu hamjakisukuma, na wewe umekwisha kukikalia. Halafu mkono unashika chuma cha ngazi. Mwisho.

Haya ndiyo maneno bora ya muvi nzima. Nimeyasikiliza tena na tena mpaka nimeyakariri kwa Kiingereza, kisha nikayageuza Kiswahili kwa kalamu, na sasa nayajua kwa lugha zote mbili. Na Otmar aliyanyamazisha. Hakusahau. Hakukosea. Mtu anaangalia muvi siku mbili nzima peke yake kabla ya kuitafsiri, ndiyo kazi yake. Aliyasikia, akaamua tusiyasikie.

Kwa hiyo Mtemi hajauawa na mwanafunzi wake. Kauawa na Otmar.

Jumatano, 2 Julai 2025

Nimepitia sababu zote.

Ya kwanza: Kiingereza kimemshinda. Nimemshuku siku nyingi. Lakini Sehemu ya Kwanza alitafsiri hotuba ndefu kuliko hii, na nilipoikagua alikuwa amepatia.

Ya pili: parokia imemwonya kwamba watoto wanampenda sana shetani yule. Inawezekana. Walei wetu nawafahamu.

Ya tatu: Januari amempa kitu ili Sehemu ya Tatu isiwe na watazamaji kwa Otmar. Nani atakwenda kutazama Sehemu ya Tatu kama Mtemi amekufa? Hii ndiyo naiona ina harufu.

Leo bandani walionyesha muvi ya Kichina bila mkalimani. Nikauliza, nikaambiwa Otmar amesafiri. Viatu vyake vilikuwa mlangoni! Na baiskeli.

Jioni kabla jua halijazama Coletha akaja kibandani na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Alikaa. Akasifu rafu zangu, ambazo hajawahi kuzisifu. Mwishowe akasema, Mama Edward, haya mambo ya muvi si yapite tu. Nikamuuliza, yapite yaende wapi? Akasema ni picha tu. Nikamwambia, kama ni picha tu, mbona umeniletea michembe?

Aliinuka. Akaondoka, mfuko akauacha. Nimeutazama mfuko ule kama bomu. Michembe mizuri, iliyokatwa vyema. Anayetaka nifunge mdomo ananipa cha kutafuna. Sijala.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimetoboa. Asubuhi nimeweka ujumbe wa sauti kwenye grupu la wasap la banda. Nimesema wazi kwamba Mtemi yu hai, nina ushahidi, na mkalimani wetu anajua.

Simu ililia siku nzima kama ndama. Wazikaji wananiita mchawi wa kufufua. Mmoja ameandika kwamba mama mzima mwenye wajukuu hapaswi kujua mambo ya nyota. Nikamjibu kwamba nyota zilikuwepo kabla ya bibi yake. Bujiku ndiye aliyekuja na suluhu, na lazima niseme ni nzuri. "Sabasaba hiyo Jumatatu. Tuamue kwa uwanja kama Bagika na Bagalu."

Nilipokuwa mtoto babu yangu, mwenyewe Mgika, alinibeba kwenda kuviona vyama hivyo viwili vya ngoma vya Kisukuma. Ngoma mbili, pande mbili za uwanja, zinapigwa saa ileile. Hakuna hakimu, hakuna alama. Watu wenyewe wanahama. Utakayemwona amebaki na vumbi peke yake, ndiye aliyeshindwa. Manju, kiongozi wa ngoma, alikuwa tayari kumeza nyoka ili asibaki na vumbi.

Kwa hiyo mimi upande mmoja, Otmar upande wa pili. Atakayeachwa ameachwa. Na Otmar akiachwa — kila mtu anajua maana yake.

Otmar akajibu: Nimekubali. Neno hilo tu, kwa maandishi. Otmar haandiki. Miaka yote anatuma sauti, hata salamu za mkesha wa Krismasi alituma kwa sauti ya ng'ombe wa pangoni. Nani kaandika? Nimelitazama neno lile sana.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Januari kaja mwenyewe, amechomekea. Shikamoo nyingi. Amenikopesha spika yake kubwa kwa ajili ya Jumatatu, eti anapenda haki. Niliipokea. Wakati anatoka akageuka, akasema mabenchi ya Otmar yeye atayachukua, hataki yaharibike kwa mvua.

Sasa sababu yangu ya tatu imekufa. Mtu aliyemnunua Otmar hangenipa spika ya kumpigia. Januari hajamnunua. Anamsubiri tu.

Usiku wote nitaisikia spika ile ikinitazama. Spika haitazami, najua.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimekwenda nyumbani kwa Otmar kupanga masharti. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Alikuwa uani, kwenye kiti, ameinama mbele na viwiko juu ya magoti, kama mtu anayetafuta sindano. Hakuinuka. Coletha alinipa kigoda kisha akasimama nyuma yake, mkono mgongoni mwake.

Nikaanza. Nimekuja tukubaliane, nani aanze, nani asimame upande gani wa jua. Akanyoosha kidole: ngoja. Nikangoja. Alikuwa anavuta pumzi. Ilikuwa inaingia kwa sauti, kama gunia linaloburutwa.

"Maneno yale," akasema. Akapumzika. "Nimeyasikia." Akapumzika. "Ni marefu, Dorika."

Hakuna mtu anayeniita Dorika siku hizi.

Kisha Coletha akaeleza, maana yeye hakuweza. Ni vumbi la karasha. Kabla ya banda Otmar alisaga mawe ya dhahabu kule machimboni, mashine ile haizimwi, vumbi jeupe kama unga, na kitambaa cha puani walikiona cha waoga. Lilikaa kimya kifuani mwake miaka na miaka. Tangu mwezi wa tatu limeamka. Hospitali wamemwambia halitoki. Sauti za haraka anaziweza, mtoto, bibi, mlio wa bunduki, anaiba pumzi katikati. Sauti ya Mtemi haina nafasi ya kuiba. Ni nzito na ndefu, inataka kifua kizima. Siku ile alipofika kwenye giza alijua hatafika mwisho. Akamuua.

"Angekufa yeye," akasema Otmar, "au mimi." Na akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Coletha akamshika.

Nikauliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Watakuja kunisikiliza nikihema, akasema. Watahesabu. Bora waniite mwongo.

Hakuniomba nishindwe. Nilingoja aombe. Hakuomba.

Njiani kurudi — niandike tu — wazo la kwanza lilikuwa hili: mtu huyu ana sauti zaidi ya ishirini. Mgonjwa ni sauti mojawapo. Je, kama anaigiza? Nimesimama barabarani na wazo hilo kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Lakini sikuweza kulifuta hapohapo.

Jumapili, 6 Julai 2025

Sijasema kwa mtu.

Nimerudisha spika. Januari kauliza kuna shida gani. Nimemwambia sauti ninayo.

Nina njia mbili na zote ni mbaya. Nikisema kweli yangu yote kesho, Otmar ni mwongo na banda ni la Januari. Nikijilegeza, Mtemi amekufa, na mimi, ambaye sijawahi kushindwa hoja hata na askofu msaidizi, nitarudi nyumbani nikisindikizwa na vicheko vya Bujiku. Nikieleza ugonjwa, nimemvua nguo mtu mbele ya watu.

Nimeamua. Nitasema flashi ilikuwa mbovu. Sauti ilikatika yenyewe. Otmar hakusikia. Ni uongo mdogo, na sijui kuusema. Nimeujaribu mbele ya kioo na uso wangu umeukataa.

Abel amepita kuniambia Wafukuaji wamepaka chokaa mpaka wa uwanja. Amefurahi kama siku ya harusi.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Naandika haraka, ni jioni, mlango nimeufunga.

Uwanja wa shule ulijaa. Nilidhani watakuja watu wa banda tu. Walikuja mpaka akina mama wa sokoni na wafugaji waliotokea Runzewe, hawajui hata muvi yenyewe, wanataka kuona nani ataachwa na vumbi. Otmar alikaa kwenye kiti upande wa magharibi, maiki mapajani, Coletha pembeni. Mimi mashariki, nimesimama, bila kitu.

Bujiku akapuliza filimbi.

Nilianza na flashi mbovu. Naapa nilianza nayo. Lakini mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, hiyo haina nguvu!" na wachache waliokuwa mbele yangu wakaanza kugeuza shingo kuelekea magharibi. Basi mdomo wangu ukafanya unachokijua. Nikawaambia kuna maneno. Nikawaambia yalishushwa kwa mkono. Nikataja mkono wa nani. Sikutaja kifua. Na wakaja. Walihama kama mbuzi walioona majani, mstari wa chokaa ukafutika kwa miguu, mpaka upande wa Otmar wakabaki Coletha, Bujiku aliyekuwa anaona aibu kuhama, na wazee wawili waliokaa kwa ajili ya kivuli.

Nilishinda. Niliona vumbi kumzunguka Otmar, naye amekaa katikati yake.

Na nikanyamaza. Sijui kwa nini, nilikuwa na mengi bado.

Katika kunyamaza kwangu Otmar akainua maiki. Aliweka muda kwanza, nilimwona akikusanya. Halafu sauti ile, ile yenyewe, nzito, kutoka kwenye spika yake kuukuu iliyopasuka:

"Nani kasema nimekufa?"

Ee Mungu. Watoto walipiga mayowe. Watu wote walikimbia, si kutembea, walikimbia kurudi magharibi, mama mmoja kapoteza kandambili. Abel alikimbia. Abel wangu! Alinipita bila kunitazama. Kwa maneno matatu Otmar alimfufua Mtemi, akanichukulia hoja yangu, watu wangu na ushindi wangu, na mimi nikabaki na mstari wa chokaa.

Nilikasirika. Niandike hivyo. Nilisimama pale nikiwaza: kifua gani hicho kibovu? Ameniigizia uani, na nimemwamini.

Wakaanza kuimba, "Endelea! Endelea!" Walitaka maneno ya shimoni, yale niliyowaambia yapo. Maiki ilikuwa bado mdomoni mwake. Haikutoa kitu. Wao walidhani anawachezea, wakazidi kupiga makofi. Kutoka nilipokuwa, kwa sababu hakukuwa na mtu mbele yangu, niliona mabega yake yanavyopanda na kushuka, na mkono wa Coletha unavyomshika ukosi wa shati kwa nyuma asianguke mbele.

"Jioni," akasema kwenye maiki. "Bandani."

Wakashangilia. Januari, aliyekuwa amesimama karibu na goli, aliondoka akiwa amekunja uso.

Coletha amekuja kibandani baada ya hapo. Hakukaa. Amesema banda limejaa mpaka dirishani. Amesema Otmar atafanya sauti zote nyingine mwanzo mpaka mwisho, na ataanza sasa hivi. Kuna maiki ya pili. Imewekwa nyuma ya turubai, kwenye kiti, mahali ambapo hakuna anayeona. Amesema, "Kasema maneno unayo. Na sauti unayo, nzito kuliko yake. Uje kwa mlango wa nyuma."

Nikauliza kwa nini wa nyuma.

Akasema, "Unajua kwa nini."

Mlango wa nyuma. Mimi! Nimetia jina langu chini ya kila barua niliyoandika tangu nimejua kuandika. Leo niseme maneno bora ya muvi nzima na kesho mji mzima umsifu Otmar. Bujiku atakuja hapa kutoa fotokopi na kunisimulia jinsi Otmar alivyoua. Nami nitaitikia.

Na kama ni mtego? Nikifungua mdomo, mtu avute turubai, nionekane mama mzima nimejificha nikinguruma? Otmar ni fundi wa watu, nimeona leo. Coletha naye sijui. Ile michembe nimeila mchana, nilikuwa na njaa.

Nimevaa viatu. Nimevivua, nikavaa kandambili, hazina kishindo.

Nasikia kwa mbali muvi imeanza. Otmar ni mtoto. Sasa ni bibi. Watu wanacheka. Naisikia pia ile pumzi anayoiiba katikati, ambayo miezi yote hii sikuisikia, na sasa siwezi kusikia kitu kingine.

Nimejaribu sauti ya Mtemi mara moja hapa kati ya rafu. Imetoka kama ya mwalimu mkuu. Nimejaribu tena, chini zaidi, polepole. Mmenisukuma mimi. Kiti changu hamjakisukuma. Hiyo ndiyo yenyewe. Kalamu naiweka chini, naenda kwa mlango wa nyuma.